Nilivyoupaka Mafuta Mti wa Manjuben

Nyinyi vijana mnaoingia katika kazi hii ya kutunza mimea ya ndani mmebahatika. Mna simu inayolitazama jani ikakutajia jina lake, ukoo wake na ugonjwa wake kabla hujatua ndoo. Mna kijiti cha kuchomeka kwenye udongo kikuambie kama mmea una kiu. Sisi tulikuwa na kidole. Kidole kiliingia kwenye udongo hadi kifundo cha pili. Kikitoka kikavu unatia maji, kikitoka na tope unaacha, kikitoka na kipande cha sigara ya meneja unanyamaza.

Mimi naitwa Penina. Kwa miaka ishirini na minane nimezunguka na ndoo, kitambaa na mkasi, nikihudumia mimea ya ofisi za katikati ya jiji na ya nyumba za Loresho, Spring Valley na Kileleshwa. Nilistaafu mwaka jana. Juzi msichana aliyerithi zamu zangu alinipigia simu kuuliza siri ya kung'arisha majani, nikahisi joto la aibu hadi masikioni. Nikaona heri niandike, kwa sababu kung'arisha majani ndiko kulikokaribia kumnyang'anya mzee mmoja kitu cha mwisho chenye uhai alichoachiwa na mkewe. Na mng'arishaji nilikuwa mimi.

Msinidhanie nilikuwa mgeni kazini. Makosa ya ugeni nilikuwa nimeshayamaliza zamani. Kulikuwa na ofisi moja ya mawakili ambao walitoa minazi midogo ya pale mapokezi wakaweka ya plastiki, wasiniambie. Niliimwagilia miezi minne. Kila wiki niliandika kwenye kitabu cha ripoti, "Inaendelea vizuri, haina wadudu." Wiki moja nikaongeza, "Imetulia sana." Mwishowe mpokezi alinionea huruma akasema, "Anti Penina, hebu gusa tu jani moja." Nikagusa. Nikabeba ndoo yangu kwa heshima nikatoka.

Makosa ya wenye mimea nayo nimeyaona. Mama mmoja wa Loresho aliuweka mmea wake wa bei ndani ya choo cha wageni, kwa kuwa amesoma kwamba unapenda unyevu. Kweli unapenda. Lakini choo kile hakikuwa na dirisha, na taa iliwashwa mgeni akiingia tu. Nikamwuliza, mama, wageni wa choo hapa kwako ni wangapi kwa siku? Akafikiri, akasema labda wawili. Nikamwambia basi mmea wako unapika dakika kumi kwa siku, na hata wewe ungekonda. Aliuhamishia sebuleni, lakini hakunipenda tena.

Habari za kupika nilifundishwa na Mzee Barasa, aliyenitangulia katika kazi hii. Kabla yake nilidhani jani ni pambo, jinsi kanga ilivyo pambo. Siku yangu ya kwanza alichuma jani moja, akalishika juu ya kiganja, akasema, "Hili ni jiko." Ngozi ya juu, alieleza, ina nta nyembamba ya kuzuia maji yasipotee, na inapitisha mwanga kama kioo. Chini ya ngozi hiyo zimesimama chembe hai ndefu zilizobanana, zimejaa rangi ya kijani iitwayo klorofili, na kazi ya klorofili ni kuunasa mwanga wa jua. Mwanga ndio moto wa jiko. Chini zaidi kuna chembe zilizoachana, katikati yake hewa inapita. Na kule chini kabisa, mgongoni mwa jani, kuna vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, wataalamu wanaviita stomata. Mzee Barasa aliviita milango.

"Kila mlango una mabawabu wawili," aliniambia. "Wakishiba maji wanavimba, mlango unafunguka. Wakikauka wananywea, mlango unafungwa." Hewa ya kaboni tunayoitoa sisi puani inaingia kwa mlango huo. Maji yanatoka mizizini, yanapanda kwa mishipa ya jani. Vikikutana jikoni mbele ya moto, inapikwa sukari iitwayo glukosi, na oksijeni inatoka nje kwa mlango uleule ili sisi tuvute. Shughuli yote hiyo ina jina kubwa, usanisinuru, ambalo Mzee Barasa alilitamka mara moja kwa mwaka, akiwa ameshiba. Na ukitaka ugomvi naye, umwambie mbolea ni chakula cha mimea. "Mbolea ni chumvi," angenguruma. "Chakula anajipikia mwenyewe."

Kwa hiyo nilijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ningeweza kukuchorea mlango wa jani kwenye vumbi la dirisha. Halafu nikaenda nikaiziba milango yote kwa mikono yangu miwili, nikiimba.

Mteja mwenyewe alikuwa Kiritbhai, muuza vitambaa wa Mtaa wa Biashara. Mtaa mzima ulimwita hivyo, na mimi pia. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani kwenye ncha ya pua, na alipokukatia kitambaa hakukuzidishia hata upana wa uzi. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka, kwenye jukwaa la mbao, ambako aliwaona wauzaji wote bila wao kumwona. Ukutani palikuwa na picha ya mkewe Manjuben, aliyekuwa amefariki miaka miwili kabla, imevikwa shada. Chini ya picha, karibu na dirisha, ulisimama mti wake.

Ulikuwa mpira wa ndani, ule wenye majani mapana manene ambao ukiukata unatoa utomvu mweupe kama maziwa. Manjuben aliuleta kutoka kwao Kisumu ukiwa kitawi cha shubiri moja, amekifunga kwenye gazeti. Sasa ulikuwa unagusa dari. Siku ya kwanza niliyokwenda, Kiritbhai alinipangia kazi kwa maneno machache. "Mimea ingine ya chini, ikikufa nitanunua ingine," alisema. "Hii ya juu, Penina, hii ikikufa mimi sina ingine." Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, ikabakiza mwezi mmoja na kitu. Mnaofanya kazi mjini mnajua maduka yanavyosuguliwa wiki zile: kuta zinapakwa rangi, shaba inang'arishwa, taa zinaning'inizwa. Kiritbhai alinishika mlangoni akaniambia, "Penina, mwaka hii nataka kila kitu iang'ae. Mpaka mti ya Manju."

Sasa lazima niwaeleze nilikokulia, la sivyo mtaniona mwendawazimu. Nimekulia Bungoma. Kwetu wageni wakija, au siku ya Jumapili, mtoto aliyepauka ni aibu ya ukoo mzima. Mama yangu alitupanga mstari akatupaka mafuta usoni, magotini, viwiko, nyuma ya masikio, mpaka inzi akitua anateleza. Mtoto anayeng'aa ana mama. Mtoto aliyepauka, watu wanauliza mama yake yuko wapi. Mimi sikuwahi kulitafakari jambo hilo, lilikuwa ndani ya mifupa. Na mfukoni nilikuwa na kopo la mafuta ya mgando, yale ya watoto yenye harufu ya waridi, kwa ajili ya mikono yangu iliyopasuka kwa udongo.

Nikajaribu jani moja. Liling'aa mpaka nikajiona uso. Mueni, mmoja wa wauzaji wa duka, alikuwa amepanda kuleta chai. Akasimama, akasema, "Anti, hiyo imeiva." Sifa hizo ndizo zilizoniponza. Nikapaka la pili, la tatu, nikapanda kiti, nikapaka yote arobaini na moja. Kisha nikakumbuka kwamba mtoto hapakwi uso akaachwa na miguu mikavu. Nikageuza kila jani nikapaka na mgongo, kwa bidii, hadi kopo likaisha nikalikwangua kwa kidole.

Kiritbhai alipopanda alikunja mikono kifuani akasimama mbele ya mti. "Manju angefurahi," alisema. Siku hiyo nilikwenda nyumbani kifua mbele, nikijiona daktari.

Wiki iliyofuata mti ulikuwa umeota manyoya.

Mwelewe, ni duka la vitambaa, na ni msimu wa sikukuu. Kuanzia asubuhi hadi jioni watu wanakata, wanapasua, wanakung'uta. Nyuzi zinapaa. Vumbi la pamba linapaa. Nakshi za dhahabu za sari zinapukutika. Yote hayo yalipopita karibu na mafuta yangu yalikaa hapo hapo. Kila jani lilikuwa na koti jepesi la waridi na kijivu, lenye vimetameta. Mueni alinipokea ngazini. "Anti, mti wako umevaa sweta," aliniambia. Mteja mmoja wa Kileleshwa alikuwa ameuona kutoka chini akapanda kutaka kuuziwa kitawi cha "hiyo ya mahameli." Kiritbhai akamwambia hiyo si ya kuuza, ni ya bibi yake.

Nilijaribu kufuta kwa kitambaa kikavu. Manyoya yakashikana yakawa blanketi. Nikanyunyiza maji, maji yakaviringika yakaanguka kwenye daftari za mzee. Nikasema moyoni, yatatoka yenyewe. Kumbukeni neno hilo, "yatatoka yenyewe." Ukijisikia unalisema kazini, jua umeshaharibu. Baada ya wiki mbili zaidi majani yalianza kugeuka manjano, kuanzia ya chini. Lilianguka moja, yakaanguka matano, kisha Mueni akawa anayafagia kila asubuhi.

Nikaokota jani moja la manjano, nikachuma na moja lililokuwa bado kijani, nikayafunga kwenye mfuko nikaenda Kangemi kwa Mzee Barasa, ambaye alikuwa ameshastaafu. Alinikaribisha, akalishika lile la kijani, akalinusa, akaninusa na mimi.

"Hili jani linakwenda Sunday school?" aliuliza.

Alitoka nje akarudi na jani bichi kutoka mti wa mpira wa jirani. Akateleka sufuria ya chai, maji yakapata moto bila kuchemka. Akatia jani la jirani ndani. Mara vipovu vidogo vikaanza kujitokeza mgongoni mwake, vingi, vimejipanga, huku upande wa juu ukiwa mtupu. Hewa iliyokuwa ndani ya jani ilipashwa moto ikatafuta milango. Jaribuni nyumbani, ni jambo la kupendeza sana. Kisha akatia la kwangu. Tukangoja. Kikatoka kipovu kimoja kwenye kikonyo, basi, na juu ya maji pakatanda duara la mafuta yenye harufu ya waridi.

"Penina," alisema polepole, "umemziba mtu pua kwa sababu ana wageni."

Akaniambia la kufanya: maji ya uvuguvugu, povu kidogo la sabuni ya mche, kitambaa laini cha pamba, nianze na mgongo wa jani, kisha nisuuze. Akakataa kunywa chai iliyotokana na sufuria ile. Mimi nilikunywa, kama adhabu.

Kesho yake nilifika Mtaa wa Biashara kabla duka halijafunguliwa. Nia yangu, nawaambia ukweli, ilikuwa kuosha kimyakimya na kuondoka bila mtu kujua. Nilipanda kwa ngazi ya nyuma na ndoo yangu, na nilipofika kwenye marobota ya kitambaa cha kaliko nikasikia mtu anaongea. Alikuwa Kiritbhai, amekaa kwenye stuli mbele ya mti. Alikuwa anazungumza nao kwa Kiswahili. Baadaye nilijua kwamba yeye na mkewe walizoea Kiswahili tangu siku za kwanza za ndoa, kwa kuwa mama mkwe aliyetoka India hakukielewa.

"Manju, wewe nakasirika nini? Sema tu," alikuwa anasema. "Kama ni bhajia, sawa, nilikula. Daktari alikataza, mimi nilikula. Mbili." Akasogeza miwani. "Nne. Kama ni kile kiti yako, nimeuza sababu mguu moja ilivunjika. Ningekuuliza lakini wewe ulikuwa umeshakufa."

Nilibana kicheko kwa kitambaa changu cha kazi. Kisha akasema lingine, na sauti ilikuwa ileile.

"Na kama ni ile asubuhi ya hospitali, hiyo siwezi kukataa. Daktari alisema rudi saa nne. Mimi nikasema, nifungue duka kwanza. Nani anakufa saa mbili na nusu, Manju? Saa hiyo hata benki bado. Mimi nilikuja saa nne kamili. Sasa wewe nataka kuchukua mti pia? Chukua, lakini usichukue yote siku moja."

Niliketi juu ya robota nikalia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa kamasi. Mzee mzima alikuwa anajishitaki kwa mti, anatubu dhambi moja baada ya nyingine, na kosa lilikuwa kopo la mafuta. Nilikuwa nimesalia na miaka miwili nistaafu. Nilijiambia, nikiosha tu mti utapona na yeye atanyamaza. Na kama hautapona?

Nilipochungulia nikamwona anachota unga mweupe kwa kijiko kutoka kwenye pakiti na kuunyunyiza kwenye chungu, kijiko baada ya kijiko, kisha anamwagia maji ya uvuguvugu. Chungu chote kilikuwa kimezungukwa na sisimizi. Wengine walikuwa wanapanda shina. Nikaitambua pakiti. Ilikuwa glukosi ya duka la dawa, ile tunayowapelekea wagonjwa hospitalini pamoja na machungwa.

Kazi ya miaka mingi ikanisukuma kabla akili haijanizuia. "Kiritbhai, acha hiyo," nilisema, nikatokea nyuma ya kaliko na ndoo yangu na kamasi zangu.

Alishtuka akamwaga kijiko. "Penina? Wewe naingia saa ngapi?"

"Mmea haunywi glukosi, mzee. Unajipikia yake majanini. Hiyo ya pakiti mizizi haiwezi kuitumia. Inalisha ukungu na sisimizi, na inazuia mizizi isivute maji. Umeanza lini?"

"Tangu imeanza kuanguka majani," alisema. "Kila asubuhi. Mgonjwa anapewa glukosi. Manju pia nilimpelekea." Aliitazama pakiti, akautazama mti, na nikaona uso wake unaporomoka. "Kwa hivyo ni mimi. Mimi ndio nimemuua."

Vijana, nisikilizeni hapa. Mlango ulikuwa wazi. Sikuhitaji hata kusema uongo, nilihitaji kunyamaza tu. Kosa angelibeba yeye, na alikuwa ameshazoea kubeba. Nilifungua mdomo kusema, "Usijali mzee, tutajaribu," na nikasikia mdomo unasema kitu kingine.

"Uliukuta tayari ni mgonjwa," nilimwambia. "Mimi ndiye niliyeutia ugonjwa mti wako. Nimeupaka mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya kujipaka. Ya watoto. Juu na chini. Jani linapumua kwa chini, mimi nikaziba kote, hewa haikuingia, na ule uchafu wote ukaziba mwanga. Nilitaka ung'ae."

Aliivua miwani akaifuta, akaivaa tena. "Ya harufu gani?"

"Ya waridi," nilisema. Nilidhani ananiuliza kwa ajili ya polisi.

"Manju alikuwa anachukia waridi," alisema. "Mashada yote ya harusi alipiga chafya." Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika meza, akakohoa, akacheka tena. "Kwa hivyo alikuwa anakasirika na wewe. Si na mimi."

"Na mimi," nilikubali. Alihitaji Manju amkasirikie mtu mwingine walau mara moja, na mimi nilikuwa hapo.

Alifunga duka. Wiki ya Diwali, siku ya kazi, Kiritbhai alishusha mlango wa chuma nusu. Mueni alibandika karatasi nje, "Tumefunga kidogo. Kuna mgonjwa," na majirani wakaja na nyuso za msiba kuuliza ni nani. Kisha Kiritbhai, mtu wa kutozidisha uzi, aliteremsha jora la pamba nyeupe laini kuliko zote dukani, akapasua mita mbili, akampa kila mmoja wetu kipande chake. Tukaosha jani kwa jani, mgongo kwanza. Maji yaligeuka rangi ya uji wa wimbi, yana vimetameta vya dhahabu.

Lakini shina lilikuwa linayumba. Nilipoung'oa mti kwenye chungu, mizizi ilinuka busaa. Msicheke. Ile sukari ilikuwa imechacha. Mti wa Manjuben, mwanamke ambaye hakuwahi kuonja pombe, ulikuwa mlevi. Nilimwambia Kiritbhai hivyo, akatazama picha ukutani akaninong'oneza, "Usiseme kwa nguvu."

Nilikata mizizi yote iliyooza. Na ukikata mizizi mingi lazima ukate na juu, kwa sababu mizizi michache haiwezi kunywesha majani mengi. Hilo lishikeni. Nikaukata mti uliogusa dari hadi usawa wa goti. Maziwa yalitiririka, nikayafunika kwa majivu. Nikaupanda kwenye udongo mpya mwepesi. Kikabaki kijiti.

"Bila majani atapika wapi?" Kiritbhai aliuliza.

Nikamweleza alichonieleza Mzee Barasa. Mmea ukipata glukosi hauimalizi siku hiyohiyo. Nyingine unaiunguza kupata nguvu za leo. Nyingine unaiunganisha kuwa kuta za chembe, gome na mti wenyewe. Na nyingine unaigeuza kuwa wanga, unaihifadhi shinani na mizizini kwa siku za shida. "Sasa atakula akiba," nilimwambia. "Kama ipo ya kutosha atachipua. Kama haipo, hatachipua. Na wewe usitie kitu."

Hakutia. Diwali ilipita, akawasha taa ya udongo kando ya kijiti. Wateja waliona ni bakora ya mzee. Mmoja alitundika mwavuli wake. Kila Jumanne nilipanda ngazi na kumkuta amekaa palepale kwenye stuli, hasemi kitu. Nilikuwa nimeshamsikia akizungumza na mti, na ule ukimya ulinitisha kuliko sisimizi wale. Wiki ya tano nilikwaruza gome kwa ukucha, nikaona ukijani chini yake. Sikumwambia. Niliogopa kumpa tumaini nisiloweza kulilipia.

Wiki ya saba alinipigia simu Jumapili nikiwa kanisani. "Penina, kuja," alisema, akakata. Nilitoka katikati ya mahubiri na viatu vyangu vya kubana vidole.

Ubavuni mwa kijiti palikuwa na jani moja. Lilikuwa limetoka kwenye ala yake nyekundu, bado laini, rangi ya shaba, dogo kama kiganja cha mtoto. Nilipiga magoti nikalitazama mgongo na uso. Nilitaka kuimba, lakini nilipomgeukia Kiritbhai nikaona hana furaha.

"Hii ni mpya," alisema.

"Ni mpya, mzee. Umepona."

"Ile yote Manju aliona, imeanguka. Mueni alifagia. Hii haikumwona Manju. Manju haikuona hii." Alivuta stuli akakaa. "Nafikiri hii ni mti ingine, Penina. Asante sana, lakini ni mti ingine."

Niliketi sakafuni, hapo chini ya picha. Sikuwa na la kumfariji isipokuwa kazi yangu, basi nikamwambia kazi yangu.

"Hili jani bado halijapika hata siku moja," nilisema. "Haliwezi kujijenga lenyewe. Lote hili limetoka kwenye shina, kwenye akiba. Na shina lilijengwa na majani ya zamani, yale yaliyokuwa hapa dirishani enzi zenu. Majani yalijenga kwa hewa ya kaboni, na hewa hiyo ni ile mnayotoa mkipumua. Ofisi hii ni ndogo na dirisha hulifungui. Manjuben alikaa hapa miaka mingapi?"

"Thelathini na moja."

"Basi alichokuwa anakitoa puani akiongea, mti uliingiza kwa milango yake, ukapika, ukaweka. Si yote. Ya kwako imo, na ya wateja. Lakini yake imo kwenye shina hili, mzee, na leo imetoka ikawa jani."

Akainama, akalitazama lile jani la shaba kwa karibu sana, miwani yake ikakaribia kuligusa.

"Manju aliongea sana," alisema hatimaye. "Mimi nilikuwa nasema, Manju, nyamaza kidogo, wewe namaliza hewa."

"Na hukumweza?"

"Hata siku moja."

"Basi akiba ipo," nilimwambia. "Atachipua mengine."